Mbuzi Namba Kumi na Nane

Nyumbani kwetu kulikuwa na mbuzi kumi na saba. Nakuomba wewe unayesoma habari hizi za marehemu mdogo wangu uishike hesabu hiyo, maana mimi niliishika nikiwa nimechelewa.

Mdogo wangu alikuwa ofisa mifugo wa kata. Watu walimwita Sindano, na jina likamkaa mpaka hata mama yetu mzazi akawa anamwita hivyo. Pikipiki yake ilisikika kutoka mbali kwa sababu bomba la moshi lilikuwa limetoboka na hakuwahi kulitengeneza. Alisema mbuzi wakiisikia wanapanga foleni wenyewe. Nyuma alifunga kisanduku cha barafu cha bluu, na ndani ya koti alibeba daftari gumu lililobanwa kwa raba. Kila mnyama aliyemtoa damu alikuwa na mstari wake humo: namba, jinsia, meno, rangi, alama.

"Chupa ikifika maabara haina mdomo wa kujieleza, Dada," aliniambia. "Kila kitu lazima niiandikie mimi."

Tulizaliwa wawili tu. Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu cha kushonea kiko upande wa mbele wa nyumba ya mama. Yeye na mkewe walikaa vyumba vya uani, karibu na banda. Alipokuwa na miaka tisa aliugua homa iliyomvimbisha magoti, na daktari aliyemsikiliza kifuani alimwambia mama kwamba moyo wa mtoto umebaki na mlio, kuna mlango mmoja haufungi sawasawa. Mama aliogopa mwaka mzima. Halafu mtoto akaanza kucheza mpira, akamaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha mifugo, akaoa, na ule mlio tukauzoea mpaka tukausahau, kama watu wanavyoacha kuisikia saa ya ukutani.

Mbuzi akikwama kuzaa popote katani, aliitwa yeye. Alikunja mikono ya shati, akajipaka sabuni hadi kwenye kiwiko, akaingiza mkono mtupu. Ofisi ilimpa glavu, nazo zilijaa kabatini bila kufunguliwa.

"Mkono wangu una macho," alisema. "Nikiuvisha glavu nautia upofu."

Wafugaji walicheka. Na sisi tulicheka.

Mwaka jana wakati wa kiangazi, mbuzi wa jirani yetu walianza kutupa mimba, wanne ndani ya wiki tatu. Jirani huyo tunamwita Mzee Redio kwa kuwa hazimwi. Ofisi ya mifugo ikaagiza damu ikusanywe kata nzima, maana wakubwa walihisi homa ya Q. Ndiyo mara ya kwanza mimi kulisikia jina hilo. Sindano alitueleza tukiwa mezani. Kijidudu chake kinakaa kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, nao hawaonyeshi kuumwa, isipokuwa mimba zinaharibika. Kinatoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma na maji ya uzazi. Vikikauka vinakuwa vumbi, na vumbi linavutwa na watu. Mtu anapata homa ambayo ukiiangalia utasema ni malaria. Wengi wanapona bila hata kujua walichougua.

"Wa kuogopewa ni wenye mimba," alisema, "na wenye moyo mbovu."

Alisema hivyo akamega mkate. Hakuna hata mmoja wetu pale mezani aliyegutuka.

Siku aliyokwenda kwa Mzee Redio nilikuwa nimepeleka suruali ya mzee niliyoipunguza kiuno, nikakuta kazi inaendelea. Sindano alikuwa amembana mbuzi kwa magoti, kidole gumba kimekandamiza mshipa wa shingo.

"Unawanyonya mbuzi wangu kama kupe," Mzee Redio alilalamika. "Utanibakizia ngozi?"

"Mzee, ungenyamaza dakika mbili ningeshamaliza. Hawa hawaogopi sindano, wanaogopa makelele yako."

"Na ukiwakuta nao huo ugonjwa, utawachukua?"

"Sichukui mbuzi wa mtu. Utatenga wanaokaribia kuzaa, utafukia kondo kwenye shimo refu, utachemsha maziwa. Na usimsaidie kuzaa bila glavu."

"Mbona wewe huvai?"

"Mimi ni fundi, mzee."

Wiki hiyo hiyo mbuzi wetu tuliyemwita Bi Mkubwa alitupa mapacha. Kondo likagoma kutoka. Wifi yangu, mke wa Sindano, alishika beseni la maji ya uvuguvugu, mimi nikashika pembe.

"Vaa glavu basi," wifi alimwambia. "Si wewe unayewahubiria wenzako?"

"Hawa ni wa nyumbani," akajibu, na mkono ukaingia.

Alipomaliza alilifagia banda lote mwenyewe kwa fagio kavu. Nakumbuka vumbi lilivyosimama kwenye mwanga wa mlangoni na yeye akiwa katikati, anapiga chafya na kujicheka.

Homa ilimpata wiki ya tatu baada ya hapo. Alilowesha shuka mpaka godoro, kichwa kikamuuma nyuma ya macho. Zahanati wakampa dawa za malaria. Ikaja tena, wakasema ni taifodi. Yeye aliendelea kwenda kazini akitetemeka juu ya pikipiki, kwa sababu kata ilikuwa haijaisha kutolewa damu. Mbuzi wetu aliwaweka mwisho. Baada ya hapo nilimuuliza kwa hofu, tumekaa barazani, "Na hiyo homa yako ya mbuzi je? Usije ukawa nayo."

"Nilishaiwaza, Dada. Nimepima. Majibu yakirudi nitakwambia."

Yalirudi baada ya wiki mbili. Aliingia chumbani kwangu amevaa kofia ya pikipiki bado, akanipiga bega. "Niko safi."

Sikumuuliza alipimia wapi. Nani angemuuliza yeye? Jumapili nilisimama kanisani mbele ya watu nikamshukuru Mungu kwa sauti kwamba mdogo wangu amepimwa na yu mzima. Kina mama wakapiga vigelegele. Mpaka leo vigelegele vile vikinijia naweka mkono mdomoni.

Homa ilipungua, lakini hakurudi kuwa yule. Suruali zake nilizipunguza mara tatu. Akawa anapumzika katikati ya uwanja, kutoka bandani hadi jikoni. Zahanati walisema upungufu wa damu, baadaye wakasema mawazo. Tukimwambia aende hospitali kubwa alisema kubwa lililomtisha ameshalipima, mengine yatapita. Wakati huo wifi akapata mimba, yao ya kwanza baada ya miaka sita, na Sindano akawa anatembea anapiga mluzi hata pumzi zikimkatika.

Mimba ilipofika miezi mitano, Sindano alianguka bafuni. Hospitali kubwa walimpiga picha ya moyo. Daktari alituonyesha kwenye kioo: ule mlango usiofunga, na juu yake kitu kinapepea kama kipande cha uzi. Alisema kuna vijidudu vimejenga pale, lakini damu yake wakiiotesha maabara hakioti kitu. Walimpa dawa wakibahatisha. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, nikimkanda miguu iliyopoa, mdogo wangu akaondoka. Miaka thelathini na nne.

Kuna jambo moja la siku zile tisa ambalo hatukulipa uzito. Mbuzi mmoja alizaa nyumbani, mtoto akakwama, na wifi akamtoa kwa mikono yake mitupu, kama alivyomwona mumewe akifanya.

Wiki moja baada ya mazishi, ofisi ya mifugo ilituma mtu kuomba daftari lake, kazi iendelee. Nilitaka kwanza nimwone mdogo wangu kwenye mwandiko wake. Nikakaa kwenye mashine yangu, nikaondoa raba, nikafungua ukurasa wa nyumbani. Bi Mkubwa namba moja. Namba mbili, yule mwenye sikio lililochanika. Nikawapitia wote kwa kidole mpaka kumi na saba, watano wakiwa na alama nyekundu, yaani ugonjwa wanao. Chini yao kulikuwa na mstari mwingine.

Namba kumi na nane. Dume. Meno kamili. Kovu kidevuni. Majibu: hana. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu: Asante Mungu.

Sisi hatujawahi kufuga beberu. Tunaazima wa Mzee Redio.

Nikarudisha kidole kwenye neno kovu. Sindano alianguka na baiskeli akiwa darasa la tano, akapasuka kidevu, mimi ndiye niliyembana kwa kanga njia nzima.

Kesho yake nilibeba daftari hadi maabara ya mifugo. Korido ndefu, harufu ya spiriti, majokofu yananguruma yamepangana ukutani. Mtaalamu wa pale ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni.

"Pole sana, dada yangu," aliniambia. "Hapa tulimjua kwa mwandiko. Chupa zake hazikuwahi kuchanganyika hata siku moja."

Nikamwekea ukurasa mbele. Akausoma. Nikamwambia habari ya kovu. Akavua miwani, akakaa kwenye stuli.

"Mungu wangu. Alinitumia damu yake."

"Na mkasema hana."

"Dada, sikiliza. Mtu au mnyama akiingiliwa na kijidudu, mwili wake unatengeneza askari wa kupigana nacho. Sisi hatumwoni mdudu, tunawatafuta hao askari. Sasa kipimo chetu hiki kimetengenezwa kumtambua askari wa mbuzi, wa kondoo, wa ng'ombe. Askari wa mtu kinampita tu kama hakijaona kitu. Ungeweka damu ya mtu anayekufa, kingesema hana."

"Yeye hakulijua hilo?"

"Yeye kazi yake ilikuwa kutoa damu na kuandika. Hajawahi kukaa mezani hapa."

"Kwa nini hakupima kwa watu?"

Aligeukia dirishani. "Cha watu kiko jengo la pili, lile pale dirishani. Lakini ukienda lazima uwe na barua ya daktari, na daktari lazima kwanza auwaze ugonjwa huu. Wanawaza malaria. Nadhani aliona kisanduku kinakuja huku kila siku, akajipitisha na mbuzi wake."

Nililia pale mbele yake bila aibu. Hakunikataza. Akafungua jokofu, akatoa trei, akapekua kwa vidole vyenye glavu, akanionyesha chupa ndogo yenye maji ya njano chini. Mabaki ya kila damu wanayatunza mwaka mzima. Plasta ilikuwa na mwandiko wa mdogo wangu: 18.

"Hii naivusha jengo la pili leo hii, kwa mkono wangu," alisema. Halafu akasimama na ile chupa. "Nani mwingine anaishi pale nyumbani?"

"Mama. Mimi. Wifi yangu."

"Wifi yako ana hali gani?"

"Ana mimba ya miezi sita kasoro. Na juzi juzi alizalisha mbuzi."

Aliirudisha chupa kwenye trei taratibu, akachukua simu ya mezani. Alimwomba daktari wa jengo la pili aje kwetu haraka.

Nilirudi nyumbani nikamkuta wifi anaanua nguo. Nilimwangalia kwa wizi. Macho yalikuwa mekundu, midomo imekauka.

"Wifi, una homa?"

"Kidogo, jioni jioni. Ni huzuni tu, wifi. Mwili unalia kivyake."

Sikuweza kumwambia pale. Nilishika kamba ya kuanikia nguo nikajifanya naikaza.

Siku ya pili walikuja watu wawili, daktari kijana kutoka jengo la pili na yule mama wa maabara. Tulitolewa damu wote watatu. Ndipo wifi alipoambiwa. Alilifunika tumbo kwa mikono, kisha akauliza swali moja tu: "Mtoto atatoka salama?"

"Tunafanya kila kitu atoke salama," daktari alisema.

"Sikuuliza mnafanya nini."

Majibu yalikuja baada ya siku nne. Damu ya Sindano iliyokaa kwenye jokofu ilijaa askari, na ni wale wa ugonjwa uliokaa mwilini muda mrefu. Pengine alikuwa nao tangu kabla ya Bi Mkubwa. Hakuna atakayejua ni mbuzi gani, wa banda lipi. Mama alikuwa na alama za zamani, umempita bila kumdhuru. Mimi sikuwa na kitu. Wifi alikuwa na kiwango cha chini, cha kutiliwa shaka. Daktari alisema damu moja haisemi mengi, inabidi itolewe nyingine baada ya wiki tatu, zipimwe pamoja. Ikibaki pale pale, ugonjwa ni wa zamani. Ikipanda, ugonjwa ni mbichi na unafanya kazi sasa hivi. Hakutaka kusubiri. Alimwanzishia vidonge siku ile ile, asubuhi na jioni hadi kujifungua.

Wiki tatu. Sijui nizielezeje. Nilishona sketi za sare, mikono iko mashineni na akili iko uani. Kila baada ya saa nilitoka.

"Wifi, amecheza?"

"Amecheza."

"Saa ngapi?"

"Wifi, jamani, ukiniuliza tena huyu mtoto atazaliwa anajua kutazama saa."

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka wakati mmoja. Siku moja hakucheza tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wifi alilala ubavu, mimi nimeweka kiganja. Niliomba, lakini sikuomba vizuri. Nilimwambia Mungu kwamba mara ya mwisho nilimshukuru kwa kitu ambacho hakuwa amenipa, na kwamba safari hii sitamshukuru kwa lolote mpaka nione kwa macho. Najua si namna ya kusema na Mungu. Kiganja kikasukumwa kidogo, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Wifi akaanza kulia.

Mbuzi nao walileta vita vyao. Mama hakutaka waguswe.

"Hawa ndio waliowasomesha," alisema. "Leo mnawaita wauaji?"

"Hakuna anayewachinja, Mama. Wale watano wanatengwa. Wakizaa, anakuja mtu wa ofisi amevaa glavu na barakoa, kondo linafukiwa na chokaa. Banda linamwagiwa maji kabla ya kufagiwa."

"Na Sindano alifagia kavu."

"Alifagia kavu, Mama."

Aliingia kwenye vyumba vya uani, akatoka na boksi moja la glavu, halafu la pili, mpaka akamaliza kabati zima. Aliyapanga juu ya ukuta wa banda mstari mmoja, akaenda kulala mchana kweupe.

Kwenye damu ya pili kiwango kilipanda mara nne.

Daktari alitueleza kwa utaratibu. Wifi alipata kwa yule mbuzi wa siku zile tisa, vidonge vimewahi mapema, kuna matumaini. Mimi nilichosikia ni mara nne. Nilikaa chini kwenye ngazi za jengo la pili, na wifi mwenye mimba ndiye aliyeninyanyua.

"Amka, wifi. Ukianguka wewe mimi nitamshika nani?"

Uchungu ulianza wiki tano kabla ya siku yake, asubuhi, tukiwa tunachambua mchele. Barua ya daktari ilikuwa imebandikwa kwenye faili kwa herufi kubwa, hivyo wakunga walimpokea wakiwa wamevaa aproni za plastiki, barakoa na glavu ndefu hadi kwenye kiwiko. Mlango ukafungwa. Mlangoni palikuwa na kioo chembamba, nikaona ndoo nyeupe yenye mfuniko imewekwa tayari kwa ajili ya kondo. Maisha yangu yote nimeona kondo la mbuzi likitupwa kwa mbwa. Niliitazama ndoo ile nikamwona mdogo wangu amekunja mikono ya shati.

Nilisikia vyuma. Nikasikia mkunga akisema sukuma. Halafu hakuna. Nilihesabu. Nilifika kumi na saba, nikaogopa kutamka inayofuata, nikabaki pale pale nimeishikilia.

Mtoto akalia. Sauti ndogo, ya hasira, kama mlango mkavu.

Msichana, kilo mbili na robo. Walimweka kwenye chumba cha joto na mrija puani. Mpaka naandika haya ana siku kumi na moja, ananyonya, na bado hatujaambiwa kwamba hofu imekwisha. Mama yake atapimwa tena na tena, na mtoto pia.

Jana walimtoa damu kisiginoni. Yule mama wa maabara alikuja mwenyewe, ingawa si jengo lake. Alipokuwa anaweka chupa kwenye kisanduku nilimshika mkono.

"Samahani. Naomba nione mlivyoandika."

Hakuniuliza kwa nini. Aliigeuza chupa kwenye mwanga ili plasta inielekee, nami nikasoma kwa sauti, neno kwa neno. Namba. Tarehe. Jike.

"Hapo futa," nikamwambia. "Andika mtoto wa kike. Na juu yake andika kwamba ni mtu."

Akatoa kalamu akaandika, akanionyesha tena. Ndipo nikaachia mkono wake, akafunga kisanduku, akaondoka nacho upande wa jengo la pili, nami nikasimama dirishani kumtazama mpaka alipoingia mlango uliokuwa sahihi.